Mudra za Yoga: Vidole Vikigusana, Neva Zinafanya Nini?

Kaa kitako, nyoosha mgongo, laza mikono juu ya magoti, kisha gusanisha ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada. Hiyo ni gyan mudra, ishara ya mkono inayojulikana kuliko zote katika yoga. Ukiziamini video fupi na jumbe zinazosambazwa WhatsApp, hapo ulipo umeshaanza kutuliza akili, kunoa kumbukumbu, kuamsha tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo na kujitibu ukosefu wa usingizi. Badili kidole, ubadili dawa: gumba na kidole cha pete kwa uchovu, gumba na kidole cha mwisho kwa ngozi kavu, kidole cha shahada kilichokunjwa kwa gesi tumboni na maumivu ya viungo.

Zamani maelezo ya haya yote yalikuwa prana, nguvu ya uhai inayozunguka mwilini. Siku hizi mwalimu wa mtandaoni hataji sana prana. Anataja neva. Mudra "inaamsha neva ya vagasi", "inasawazisha mfumo wa neva", "inatuma ishara moja kwa moja kwenye ubongo". Ni maneno ya hospitali, na uzuri wa maneno ya hospitali ni kwamba yanapimika. Neva zina majina, njia zake zinajulikana, na wapasuaji huzikata na kuziunga. Kwa hiyo swali linaulizika: vidole viwili vikigusana, kinatokea nini kuanzia kwenye ngozi mpaka kwenye ubongo, na je, kinafika kwenye moyo, utumbo au figo?

Jibu langu nilitoe mapema. Kinachofika kwenye ubongo ni kingi kuliko wengi wanavyodhani. Kinachofika kwenye figo hakipo. Na ule utulivu ambao watu huupata kwelikweli wakikaa na mudra, sehemu yake kubwa inatoka kwenye pumzi.

Ishara ni kongwe, tiba ni ya juzi

Walimu hupenda kusema kwamba tiba ya mudra ina maelfu ya miaka. Ishara zenyewe ni za kale, hilo halina ubishi. Tazama sanamu za Buddha: mkono wa kulia ukigusa ardhi ni Siddhartha, yaani Buddha mwenyewe, anaiita ardhi imshuhudie, kiganja kikiinuliwa kumwelekea mtazamaji, maana yake ni "usiogope". Shiva akichorwa kama mwalimu, kwa jina la Dakshinamurti, huketi chini ya mti akiwa amegusanisha gumba na shahada. Wafasiri husema gumba ni Ukweli Mkuu, shahada ni nafsi ya mtu, na vidole vitatu vilivyobaki ni vile vinavyoifunga nafsi hiyo isiufikie. Wachezaji wa Bharatanatyam, ngoma ya jadi ya India, hujifunza ishara 28 za mkono mmoja, na kwa hizo husimulia kila kitu, tangu ua linalochanua mpaka mpenzi aliyekasirika. Watawa wa madhehebu ya Shingon kule Japani hufunga vidole kwa mafumbo mbele ya madhabahu. Na huhitaji kwenda mbali: ingia katika hekalu lolote la Kihindu mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, utaona viganja vikiunganishwa mbele ya kifua.

Katika yote hayo mkono unasema na mungu, na mwanafunzi, na hadhira. Hautibu kibofu cha mtu.

Sasa fungua Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15 cha Svatmarama, ambacho ndicho nguzo ya yoga ya mwili. Sura yake ya tatu inataja mudra kumi. Anayezijua zile za mtandaoni atashangaa, maana hamna hata moja ya kugusanisha ncha za vidole. Khechari ni kukunja ulimi kurudi nyuma mpaka upite juu ya kaakaa. Viparita karani ni kupindua mwili, miguu juu kichwa chini. Mula bandha ni kukaza misuli ya msamba. Gheranda Samhita, kilichoandikwa baadaye, kinafikisha mudra 25, na humo nako mwili mzima ndio unaotoka jasho. Shabaha ni kuizuia prana isivuje na kuushinda uzee na hata kifo. Ni madai makubwa kuliko kushusha presha, lakini si madai ya vidole.

Ile orodha ya "kidole hiki kwa ugonjwa huu" imepata umbo tunalolijua kwa sehemu kubwa katika karne ya 20, kisha vitabu vya afya vikaipeleka Ulaya na Marekani, na kutoka huko imerudi kwetu kupitia simu.

Orodha hiyo ina hesabu yake, tena hesabu nzuri. Mwili unaaminiwa kuwa umeumbwa kwa asili tano, na kila kidole kina yake: gumba ni moto, shahada ni hewa, kidole cha kati ni anga, cha pete ni ardhi, cha mwisho ni maji. Ukigusanisha ncha ya kidole na ncha ya gumba, unaiongeza asili hiyo. Ukikikunja kidole mpaka kwenye shina la gumba na kukibana, unaipunguza. Ndiyo maana anayetaka kupungua unene huambiwa akunje kidole cha pete, apunguze "ardhi" mwilini, na mwenye gesi akunje shahada, apunguze "hewa". Msomaji wa pwani aliyekulia karibu na tiba ya tabia nne, ya baridi na joto, ukavu na unyevu, ataitambua mara moja namna hii ya kufikiri. Sioni sababu ya kuikejeli. Imewasaidia watu kupanga uzoefu wao wa mwili kwa karne nyingi.

Matatizo yanaanza pale hesabu hii inapogeuzwa kuwa ramani ya neva, kwa sababu iko ramani ya pili, na ya tatu. Katika tiba ya Kichina, njia ya mapafu huishia kwenye gumba, ya utumbo mpana huanzia kwenye shahada, na kidole cha mwisho kina mbili, ya moyo na ya utumbo mwembamba. Jin Shin Jyutsu ya Japani, aliyoiasisi Jiro Murai mwanzoni mwa karne ya 20, ndiyo inayotumika kwenye zile picha za "shika kidole hiki dakika kadhaa uondoe hasira". Humo gumba ni wasiwasi na tumbo, shahada ni hofu na figo, kidole cha kati ni hasira na ini. Kwa hiyo kidole chako kimoja cha shahada ni hewa Delhi, utumbo mpana Beijing na figo Tokyo. Kama alama za ibada, zote tatu zinaweza kuishi pamoja bila ugomvi. Kama maelezo ya neva, angalau mbili ni za uongo.

Tena kuna kipimo kikali zaidi, na kiko mtaani. Karibu kila karakana ya seremala ina fundi aliyepunguzwa kidole na msumeno wa mashine. Kama kidole cha pete au cha shahada kingekuwa na njia yake ya neva hadi kwenye kiungo fulani cha ndani, kukikata kungeacha alama huko ndani. Hakuna daktari anayemuuliza mgonjwa wa figo kama aliwahi kukatwa kidole.

Njia halisi ya mguso

Mkono unahudumiwa na neva tatu kubwa: mediani, alna na radiali. Mediani hubeba hisia za upande wa kiganja za gumba, shahada, kidole cha kati na nusu ya kidole cha pete. Alna inachukua nusu iliyobaki ya kidole cha pete pamoja na kidole cha mwisho. Hiyo ndiyo unayoigonga kwenye kiwiko ukapigwa shoti mpaka kidoleni. Radiali hushughulika zaidi na mgongo wa mkono. Ona kidole cha pete kilivyo: kimegawanywa katikati kati ya neva mbili. Mwili haukujali kwamba sisi tungependa kila kidole kiwe na nembo yake.

Kwenye ngozi ya kiganja na vidole vya mkono mmoja kuna vipokezi vya mguso wapatao 17,000. Vimesongamana zaidi kwenye ncha, mahali hasa ambapo mudra hugusanishwa. Unaweza kujihakikishia ukiwa na mtu wa kukusaidia. Fumba macho, naye akuguse kwenye ncha ya kidole kwa ncha mbili za kalamu zilizoachana milimita tatu hivi: utajua ni mbili. Arudie jambo hilohilo mgongoni: utaapa ni moja, na itabidi azitenganishe karibu sentimita nne ndipo ukiri kwamba ni mbili.

Kutoka hapo habari ya mguso hupanda mkononi, huingia uti wa mgongo shingoni, hupanda tena hadi shina la ubongo na kuvuka upande wa pili, hupita thalamasi, kituo cha kupokezana habari katikati ya ubongo, na kufika kwenye gamba la ubongo. Huko mkono umetengewa eneo kubwa ajabu. Wilder Penfield, mpasuaji wa ubongo wa Montreal, alilichora eneo hilo katika miaka ya 1930 akiwapasua wagonjwa waliokuwa macho, kwa vile ubongo wenyewe hauhisi maumivu. Aligusa sehemu ndogondogo kwa umeme dhaifu, mgonjwa akasema anahisi wapi. Ramani iliyotokea ina mtu wa ajabu: mikono na midomo mikubwa kupita kiasi, mgongo mdogo kama wa kitoto. Eneo hilo hubadilika kwa mazoezi. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba kwa wapigaji wa fidla na ala nyingine za nyuzi, sehemu ya ubongo inayopokea vidole vya mkono wa kushoto ni pana kuliko kwa watu wengine.

Kwa hiyo mwalimu anayesema mudra "inatuma ishara kwenye ubongo" hasemi uongo. Anasema kweli isiyo na uzito. Kushika kikombe cha chai kunatuma ishara pia, na kuchambua mchele kunatuma nyingi zaidi, kwa kuwa vipokezi vingi huchangamkia mwendo na mabadiliko, na vikibanwa palepale kwa muda hunyamaza. Isitoshe, ubongo huupunguza uzito mguso unaojitendea mwenyewe. Ndiyo sababu huwezi kujitekenya: majaribio ya London yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha kwamba serebela, sehemu ya nyuma ya ubongo, hutabiri mguso wako mwenyewe kabla haujafika na kuufifisha.

Na neva ya vagasi, jina linalopendwa kuliko yote? Hii hutoka kwenye shina la ubongo, ikashuka shingoni, ikaingia kifuani kwenye moyo na mapafu, ikaendelea hadi tumboni na sehemu kubwa ya utumbo. Kweli ndiyo inayopunguza mwendo wa moyo na kusimamia usagaji wa chakula, na kweli kuisisimua kwa umeme ni tiba: Marekani iliidhinisha kifaa cha kupandikizwa kwa ajili ya kifafa mwaka 1997. Lakini haifiki mkononi. Ina tawi dogo linalokuja kwenye ngozi ya sikio, na watafiti wanaotaka kuisisimua bila upasuaji huweka kifaa chao sikioni. Ingekuwa inapatikana kwenye kidole cha shahada, wangekuwa wamejipunguzia kazi.

Mkono husoma hali ya mwili

Kuna neva nyingine za mfumo unaojiendesha ambazo hufika vidoleni, nazo ni za upande wa simpathetiki, ule wa hofu na mbio. Hizi huendesha tezi za jasho na kubana mishipa midogo ya damu. Mwanafunzi anayeingia chumba cha mtihani viganja vyake huloa na vidole kupoa. Mashine za kupimia uongo hutegemea jasho hilohilo. Mtu akitulia, vidole hupata joto, na wengi wanaokaa na mudra kwa robo saa husema wanahisi vidole vya moto vikidunda. Wanachokihisi kipo. Ni damu inayorudi kwenye ncha za vidole baada ya mwili kutulia, na mapigo ya moyo ambayo kwa kawaida hatuyajali.

Ila angalia mwelekeo. Vidole vinaonyesha jinsi mfumo ulivyo, kama mshale wa mafuta kwenye gari. Ukiusukuma mshale kwa kidole, hujaongeza mafuta.

Isieleweke kwamba mkono hauwezi kabisa kuugusa moyo. Unaweza, ila kwa njia nzito zaidi. Zamisha mkono kwenye maji ya barafu kwa dakika moja, presha hupanda. Madaktari wametumia kipimo hicho tangu miaka ya 1930. Mfano mwingine una faida zaidi. Shika kifaa cha kukamua kwa kiganja, ukikamue kwa asilimia 30 ya nguvu zako zote, ushikilie dakika mbili, upumzike, urudie mpaka mara nne, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki nane hivi presha ya wengi huwa imeshuka. Uchambuzi wa majaribio 270 ya aina mbalimbali za mazoezi, uliochapishwa Uingereza mwaka 2023, ulikuta kwamba mazoezi ya kukaza misuli bila kuisogeza, hili la mkono likiwa mojawapo, yanashusha namba ya juu ya presha kwa wastani wa milimita 8 za zebaki na ya chini kwa 4. Hapo mkono umefanya kazi, misuli imechoka, na mishipa ya damu imezoea. Mudra ya kugusanisha vidole kwa wepesi haiombi misuli chochote.

Pia ile sehemu ya ndani ya mkono juu kidogo ya kifundo, ambayo Wachina huiita Neiguan: mapitio makubwa ya mwaka 2015 ya majaribio 59 yalikuta kwamba kuisisimua kunapunguza kichefuchefu na kutapika baada ya upasuaji kuliko kisisimuzi bandia. Nalitaja hili kwa sababu wasioamini mara nyingi hulipita kimya. Halithibitishi mudra, lakini linaonyesha kwamba kusisimua ngozi ya mkono si upuuzi wa kuanzia.

Utafiti wa mudra zenyewe

Hapa mambo yamesukwa pamoja kiasi kwamba kuyafumua ni kazi. Chukua Kirtan Kriya, zoezi aliloeneza mwalimu wa yoga Yogi Bhajan huko Marekani. Unaimba silabi nne, sa, ta, na, ma, na kwa kila silabi gumba linagusa kidole kingine: shahada, kati, pete, mwisho. Kwa sauti, kisha kwa mnong'ono, kisha kimya, kisha unarudi ulikotoka. Jumla dakika 12. Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, kilichapisha mwaka 2013 utafiti wa watu 39 waliokuwa wakiwauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau, kazi inayomchosha mtu mpaka mifupani. Baadhi walifanya zoezi hilo kila siku kwa wiki nane, wengine walisikiliza muziki wa kutuliza kwa muda uleule. Waliofanya zoezi walipungukiwa zaidi na dalili za sonona, na kimeng'enya cha telomerasi, kinacholinda ncha za kromosomu, kilipanda kwa asilimia 43 dhidi ya 3.7 kwa wenzao.

Habari njema, japo watu ni wachache. Lakini ni nini kilichowasaidia? Waliimba, walipumua kwa mpangilio, walikaa kimya, walikuwa na shughuli, na vidole vyao vilisogea. Utafiti kama huo hauwezi kukuambia sehemu ya vidole ni ipi. Ili kujua, ungehitaji makundi matatu yanayoimba na kupumua vilevile: moja ligusanishe vidole kwa mpangilio wa kitabu, jingine kwa mpangilio ulioparaganywa makusudi, la tatu lilaze mikono tu. Kundi la kwanza likilishinda la pili, basi ramani ya vidole ina kitu. Yakishindana sare na kulishinda la tatu, vidole vinasaidia lakini si kwa sababu ya ramani. Mimi ningeweka dau langu kwenye sare.

Pumzi, kwa upande wake, imepimwa peke yake na inajulikana inavyofanya kazi. Presha ya damu ina wimbi lake dogo la kupanda na kushuka, ambalo huchukua sekunde 10 hivi. Ukipumua mara sita kwa dakika, yaani pumzi moja kila sekunde 10, pumzi na wimbi vinakwenda sambamba, na ule mfumo wa shingoni na kifuani unaopima presha na kuirekebisha unakuwa mwepesi zaidi kuitikia. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Pavia, Italia, pamoja na wenzake walichapisha jaribio la watu 23 waliosali rozari kwa Kilatini na kutamka mantra ya Kitibeti, "om mani padme hum". Zote mbili, bila mtu kuambiwa apumue vipi, zilipunguza pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na mfumo huo wa presha ukaimarika. Bibi anayesali rozari jioni, punje ikipita kati ya gumba na shahada, amekuwa akifanya hivyo maisha yake yote.

Jipime mwenyewe. Weka vidole viwili vya mkono wa kulia juu ya kifundo cha kushoto, upande wa gumba, utafute mapigo. Vuta pumzi taratibu kwa sekunde tano, itoe kwa sekunde tano. Kama bado kijana utahisi waziwazi: mapigo yanaharakisha unapovuta, yanalegea unapotoa. Kulegea huko ni vagasi ikifanya kazi yake, na mkono wa kushoto unaweza kuwa umeufunga ngumi, umeulaza wazi au umefunga mudra yoyote. Hautabadilisha kitu.

Kuna walimu, hasa wa mapokeo ya Pondicherry, India, wanaosema mudra tofauti hupeleka pumzi sehemu tofauti za mapafu. Neva ya kiwambo cha kupumulia hutoka shingoni kwenye ngazi za tatu hadi tano, na za mkono huanzia ngazi hiyo ya tano kwenda chini. Ni majirani, si kitu kimoja. Kinachobadilika ni mabega. Ukielekeza viganja juu, mabega hufunguka. Ukivielekeza chini, huelekea kujikunja mbele. Kifua kinahisi tofauti hiyo, na mwenye mkao mbaya wa kuinamia simu ataihisi zaidi.

Kwa nini basi mikono isilale tu?

Swali hili lina jibu zuri kuliko hadithi za tezi ya pituitari, nalo linatoka kwa wanaokaa Zen, Japani. Wao hulaza mkono wa kushoto juu ya wa kulia mapajani na kugusanisha ncha za magumba kwa wepesi, pakabaki umbo la yai. Mwanafunzi huambiwa magumba yasiwe mlima wala bonde. Usingizi ukimnyemelea, magumba huanguka na umbo kubonyea. Akikazana kupita kiasi, magumba husukumana na kunyanyuka. Mwalimu anayepita nyuma anajua hali ya mwanafunzi kwa kuangalia mikono, na mwanafunzi mwenyewe anajua kabla yake.

Hata gyan mudra hufanya hivyo. Akili ikizurura kwenye deni la duka au ugomvi wa jana, baada ya muda unakuta vidole vimeachana bila wewe kujua. Unavirudisha, na akili inarudi navyo. Mudra ikifanywa kila siku mahali palepale, pumzi ileile, mwili hujifunza kwamba vidole vikigusana hivi, kinachofuata ni utulivu. Ni aina ya mazoea ambayo mwanasayansi wa Urusi, Pavlov, aliyaonyesha kwa mbwa wake. Kwa maelezo hayo mudra inaweza kabisa kumsaidia mtu alale. Ila ingefanya kazi vilevile kama angezoea kushika sikio.

Madhara yanaanzia kwenye picha moja inayosambazwa sana: shahada imekunjwa hadi shina la gumba, kidole cha kati na cha pete vimegusa gumba, cha mwisho kimenyooka. Inaitwa mudra ya kuokoa uhai, na inadaiwa kusimamisha mshtuko wa moyo kama kidonge cha kuwekwa chini ya ulimi. Wanaoitetea hukumbusha kwamba maumivu ya moyo hushuka mkono wa kushoto mpaka kidole cha mwisho, kwa hiyo lazima kuna njia. Maumivu hayo yana sababu. Neva za hisia za moyo huingia uti wa mgongo kwenye ngazi zilezile na jirani za zile za upande wa ndani wa mkono, na ubongo, usiozoea kupokea habari za moyo, hudhani mkono ndio unaouma. Ni ubongo uliokosea anwani. Mshtuko wenyewe ni bonge la damu lililoziba mshipa unaolisha msuli wa moyo, na msuli huo unakufa kadiri dakika zinavyopita. Kinachotakiwa ni gari la kwenda hospitali, na simu ya kuwaambia kwamba mnakuja.

Wale wanaoacha vidonge vya presha au kisukari kwa sababu ya mudra mara nyingi wana ushahidi wao mkononi: "Nilipima nikakuta 150, nikafunga mudra dakika kumi, nikapima tena nikakuta 138." Ninawaamini. Presha ya karibu kila mtu hushuka akikaa ametulia, ndiyo maana muuguzi anayejua kazi yake hukukalisha dakika tano kabla ya kukuvika mkanda. Mwenye mashine nyumbani anaweza kulimaliza suala hili bila kubishana na mtu. Kiti kilekile, saa ileile, dakika kumi zilezile za kupumua polepole, siku moja vidole vikiwa vimegusana na siku ya pili mikono ikiwa imelala tu juu ya mapaja. Aandike namba zote kwenye daftari, aendelee na vidonge vyake kama alivyoandikiwa, na siku ya kliniki alibebe daftari hilo.